Mtumba wa Magurudumu Manne

Ibada ya kwanza nimeshatoka.
Jua halijavuka paa la Mama Ndewira
nami nimekaza kanga kiunoni,
ndoo mbili: moja ya povu, moja ya kusuuza.
Bomba letu hapa Pasua hutoa maji
kama mtu anayelipa deni:
kidogo, kwa kununa, akihesabu.

"Usilioshe juani," aliniambia Oforo,
yule muosha magari wa Kiborloni,
"na sabuni ya unga iachie mashuka."
Leo namsikia. Mwezi ule wa kwanza
nilisugua kwa dodoki kama nasugua sufuria,
nikafurahia povu lilivyofura,
na lilipokauka, boneti ilikuwa imepauka
kama kisigino cha msafiri.

Basi, naanza juu nikishuka.
Paa. Vioo. Mabega. Milango.
Chini, kwenye matao ya magurudumu,
tope la Uru, nilikompeleka mama juzi,
limeganda kama ugoro kwenye kucha.
Hilo lina kitambaa chake peke yake.
Punje moja ya changarawe ikipanda mlangoni
utaijua maisha yako yote.

Baba Elifuraha yuko uani kwake, mswaki mdomoni:
"Jirani, na wewe utaoga lini?"
"Nikimaliza huyu mkubwa."
Akacheka, akatema, akaendelea kutazama.

Likakauka. Nikafungua kopo la nta.
Kitambaa ni fulana ya kampeni,
ya mgombea aliyeshindwa vibaya:
uso wake unazunguka, unazunguka,
jino moja kwenye nta, sikio kwenye bampa.
Aliahidi kung'arisha kata nzima.
Mlango mmoja wa nyuma, angalau, kaufikia.

Ndipo nikaukuta tena ule mkwaruzo,
mwembamba, usawa wa goti langu.
Si wangu. Ulikuja nalo,
pamoja na kile kibandiko cha kioo cha nyuma,
herufi tatu na namba, lugha nisiyoisoma,
ambacho Oforo alitaka kukikwangua kwa wembe
nikamwambia, acha kwanza.

Mimi ni mtu wa mitumba.
Mwaka wa kumi na moja huu, soko la Memorial,
nafungua belo watu wakiwa bado wanapiga miayo.
Nimekuta jina la mtoto
limeshonwa kolani kwa uzi wa bluu.
Nimekuta tiketi ya treni mfukoni.
Nimekuta kifungo kisichofanana na wenzake,
kazi ya mtu aliyekuwa anachelewa.
Uzi wa jina huwa naukata polepole
kama ninayepiga hodi.

Kwa hiyo sijidanganyi
kwamba gari hili lilizaliwa bandarini.
Kulikuwa na ua mwingine, asubuhi nyingine,
mtu kainama hapahapa, kiganja kikizunguka,
kisha akafoka: "Nani kapita hapa na baiskeli?"
Na mtoto akanyamaza, kwa lugha yao.

Nikatia nta. Mkwaruzo ukainywa,
ukafifia, ukarudi.
Nikatia tena, mpaka bega likauma.
Katikati ya kusugua, mlima ukatoka mawinguni.
Sikugeuka. Niliuona kwenye boneti,
mfupi, umepinda,
kamba ya nguo imepita shingoni mwake.
Nilipofika taa ya kulia, ulishaondoka.

Mara ya tatu sikutia.
Nta imebaki nusu kopo
na marejesho ya kikoba ni Alhamisi.
Huyo mtoto, kama yupo, sasa ana ndevu.
Nikampangusa, nikampita.

Huko nje pikipiki ikakata kona
na vumbi likaanza safari yake ya kuja kwangu.
Nikabeba ndoo ya maji machafu, ile nzito,
nikatoka nayo hadi nje ya geti,
nikayamwaga barabarani, upana wote,
toka mtaro hadi mtaro.
Vumbi likalala.
Basi na lilale. Hata nusu saa.